Kibali cha kurusha droni karibu na uwanja wa ndege Marekani: kinatoka chapu, ila kisome kabla hujaruka

Watu wengi wanaorusha droni kwa kujifurahisha huko Marekani wanakiogopa hiki kibali kama vile ni viza, kumbe ukishajipanga ni kitu cha dakika moja, uko zako kwenye gari simu mkononi na droni bado iko kwenye begi. Kukipata sio ishu. Ishu ni kwamba kibali kinakuja na futi zake, na saa zake, na duara lake, na wengi wetu tunakisoma kama tunavyosoma risiti ya dukani, yaani hatusomi, tunatia mfukoni tunaendelea na mambo yetu. Hapo ndipo watu wanapoliwa, na mimi nililiwa hapohapo, nitafika huko.

Kwanza anga lenyewe. Marekani anga limegawanywa kwa madaraja yenye herufi, na kwa mtu wa droni swali ni moja tu, je hapa nilipo ni daraja G au sio. G ni anga lisilodhibitiwa, unaruka mpaka futi 400 kutoka ardhini bila kuomba mtu. B, C, D, na E ile inayoanzia ardhini kabisa, hizo zinadhibitiwa na huruki hata futi tano bila kibali. B ni viwanja vikubwa vyenye ndege kibao, Atlanta, Los Angeles, JFK, O'Hare na wenzao. C ni vya kati, D ni vidogo vyenye mnara wa kuongozea ndege, halafu E ya ardhini mara nyingi ni viwanja visivyo na mnara kabisa ila ndege zinatua kwa kufuata vyombo, na hii ndio inayowapiga watu chenga maana unaangalia huoni mnara, huoni ndege, kimya, unajua hamna kitu. Ukifungua ramani ya marubani utaiona E hiyo kwa mstari wa vipandevipande wa rangi ya zambarau-nyekundu, D ni vipandevipande vya bluu, B bluu nzito na C zambarau-nyekundu nzito.

Kitu kingine kinachochanganya, anga la B limekaa kama keki ya harusi iliyopinduliwa, chini nyembamba juu pana. Kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya lile duara kubwa kwenye ramani lakini kwako B inaanzia futi 1,500 kwenda juu, chini yake ni G, huhitaji kibali chochote. Usiogope kila mstari unaouona, angalia unaanzia wapi.

Halafu kuna hii imani kwamba droni ikiwa chini ya gramu 250 basi uko huru. Hapana. Kuwa chini ya gramu 250 kunakuondolea kusajili na kunakuondolea ile Remote ID, yaani droni kujitangaza yenyewe iko wapi, basi. Anga halijali uzito, kile kidroni cha gramu 249 kinaomba kibali sawasawa na likubwa. Hili nimewaambia watu wengi sana na kila mara naambiwa "una uhakika?" Ndio nina uhakika.

Sasa kabla hujagusa kuomba, jiulize kama kweli unaruka kwa raha zako tu. Sheria ya warushaji wa kujifurahisha, ile sehemu ya 44809, inakubeba kama hiyo safari ni starehe tupu. Ukimpigia rafiki yako picha za nyumba yake anayotaka kuiuza, hata kama hakulipi hata senti, hiyo sio starehe tena, umeshaingia upande wa Part 107, yaani sheria za wanaorusha droni kwa kazi na sio starehe, ambako kuna mtihani wa maswali 60 na ada ya dola 175 na lazima uwe na miaka 16. Hata kujitolea bure kwa shirika fulani inahesabika huko huko. Nasema hili mapema kwa sababu kwenye aplikesheni ya kuomba kibali utaulizwa wewe ni yupi, wa kujifurahisha au wa 107, na ukichagua tofauti na ukweli wako basi umepata kibali cha mtu mwingine.

Karatasi unazotakiwa kuwa nazo ni chache. Kuna TRUST, kale kamtihani ka usalama kalikoanza Juni 2021, ni bure, kako mtandaoni, na huwezi kufeli maana ukikosea wanakuelekeza mpaka upate. Ukimaliza unapewa cheti. Kihifadhi hicho cheti sehemu mbili tatu, maana aliyekupa hatunzi nakala yako, ukikipoteza unarudia mtihani mwanzo mwisho. Mimi nimeurudia mara mbili kwa uzembe tu. Kuna usajili, unafanyika kwenye FAADroneZone, tovuti ya FAA yenyewe, hao ndio mamlaka ya anga ya kule. Dola 5 kwa miaka mitatu, na kwa mtu wa kujifurahisha namba moja inafanya kazi kwa droni zako zote, unaibandika kwa nje isomeke. Angalia vizuri uko tovuti gani, kuna watu wamefungua kurasa zinazofanana na ya serikali halafu wanakutoza mara kumi. Ukiwa mgeni umekuja kutembea na droni yako nayo inapita humo humo, usidhani uraia unakuepusha. Na droni inayotakiwa kusajiliwa lazima iwe na Remote ID, yaani inatangaza yenyewe iko wapi na aliyeishika rimoti yuko wapi, utekelezaji wake umeanza kubana tangu Machi 16, 2024. Droni nyingi mpya inakuja nayo ndani, za zamani unafunga kidude pembeni, au unaenda kurushia kwenye maeneo maalum yaliyoruhusiwa kuruka bila hiyo. Namba tambulishi ya droni (serial number), ile ndefu ya kiwandani, iingize kwenye akaunti yako, watu wanasahau hiyo kila siku.

Haya, kuomba. Mfumo unaitwa LAANC, watu wanatamka "lansi". FAA wenyewe hawana aplikesheni ya LAANC, wamewaachia makampuni waliyoyapitisha, Aloft, AirHub, AutoPylot na wengine, orodha iko kwenye tovuti ya FAA, chukua yoyote inayokukaa mkononi, kwa mtu wa kujifurahisha ni bure. Usichanganye na B4UFLY. B4UFLY inakuambia tu hapa pakoje, haikupi ruhusa. Ni sawa na kumuuliza jirani kama mwenye nyumba yupo, jirani hawezi kukukaribisha ndani.

Ukifungua ramani utaona eneo la uwanja limekatwakatwa viboksi, kila kiboksi kina namba ndani yake, 0, 50, 100, 200, 300, 400. Hiyo namba ni futi kutoka ardhini ambazo mfumo unaweza kukupa hapohapo bila binadamu kuangalia. Waongoza ndege wa kila uwanja wameshakaa wakapanga zamani, kiboksi kilicho mbele ya njia ya kurukia kina sifuri, kilicho pembeni mbali kina 400. Kwa hiyo hakuna mtu unayembembeleza, umeomba ndani ya namba unapata, umeomba juu ya namba hupati.

Unachofanya ni hiki. Unaweka pini ulipo, unachora duara la eneo utakalorukia, unaandika urefu wa kwenda juu, unaandika saa ya kuanza na ya kumaliza, jina na namba ya simu, unatuma. Sekunde kadhaa ujumbe umeingia na namba ya kumbukumbu. Unaweza kuomba mpaka siku 90 kabla, lakini kwa starehe mimi naomba nikiwa nimeshafika, kwa sababu upepo unaweza kukataa na nikaghairi.

Duara ndio lina siri. Siku moja nilikaa kwenye bustani moja kiboksi changu kilikuwa 200 safi kabisa, nikaomba nikakataliwa, nikaomba tena nikakataliwa, nikaanza kuilaani aplikesheni. Nikaja kuvuta ramani karibu, kumbe duara langu nililichora kubwa kwa tamaa na ukingo wake umegusa kiboksi cha jirani chenye sifuri, kidogo tu, kama ukucha. Duara likigusa viboksi viwili kinachohesabika ni kile cha chini. Nikalipunguza mpaka likaingia lote kwenye boksi langu, likapita hapohapo. Huhitaji duara la maili nzima, droni yenyewe unatakiwa uione kwa macho yako muda wote, na hiyo ndogo ukiivusha nusu maili huioni, unakisia tu.

Ukikuta sifuri usipoteze muda kubishana nayo. Hama. Mara nyingi ukitembea kidogo, upande mwingine wa ziwa au wa shule, kiboksi kinabadilika kuwa 100 au 200. Kuna ile njia ya kuomba zaidi ya namba ya kiboksi kupitia LAANC, inaangaliwa na mtu, lakini ile ni ya wenye Part 107 peke yao, sisi wa kujifurahisha haituhusu, ukiona mtu anaielezea kwenye video jua haongei na wewe. Na kuna viwanja ambavyo havimo kwenye LAANC kabisa, hivyo unaomba kwa mkono kwenye DroneZone, na huko jiandae kusubiri, inaweza kufika siku 90, kwa hiyo sio kitu cha kuamka asubuhi ya Jumamosi ukaomba.

Na tafadhali usipige simu mnarani. Zamani sheria ilikuwa ukiwa ndani ya maili 5 za uwanja unawataarifu uwanja na mnara, watu wazima waliozoea ndege za rimoti wanaikumbuka na bado wanaishauri. Ile ilifutwa Oktoba 2018. Sasa hivi ukiwapigia unawasumbua watu wanaoongoza ndege zenye abiria, na hata wakikujibu vizuri kwa simu hicho sio kibali.

Umepata kibali, sasa ndio kazi inaanza, na hapa ndipo nilipoliwa.

Kibali changu kilisema futi 100. Mimi nikaingia kwenye setingi za droni nikaweka ukomo wa juu 100, nikajiona mtu makini sana, nikarusha. Droni ikapanda, ikapanda, nikaona mbona imekuwa kama nzi, naangalia skrini inasomeka 88 na bado inaenda. Nikajiambia bado hata 100 haijafika. Mpaka nilipoishusha na kukaa chini kwenye kivuli ndio macho yakatua kwenye kile kiherufi kidogo pembeni ya namba, m. Mita. Programu ilikuwa kwenye mita tangu siku ya kwanza na ule ukomo nilioweka wa 100 ulikuwa mita 100, ambazo ni futi 328. Mita 88 ni karibu futi 290. Nimeruka karibu mara tatu ya nilichoruhusiwa, kwenye anga la D, na kibali kimekaa mfukoni kinaniangalia. Hakikutokea chochote, hakuna ndege iliyopita, lakini mikono ilinitetemeka kidogo nilipokuwa nafunga begi.

Kwa hiyo kabla ya chochote badilisha vipimo viwe futi, au kama umezoea mita basi kariri hizi: futi 50 ni mita 15, futi 100 ni mita 30, 200 ni 61, 300 ni 91, 400 ni 122. Halafu weka ukomo kwenye setingi chini kidogo ya kibali, ukipewa 200 weka 180, upepo ukiisukuma bado uko ndani.

Cha pili ni vilima. Namba ya kibali ni kutoka ardhini iliyo chini ya droni wakati huo, ila droni yenyewe inahesabu kutoka pale uliporushia. Tambarare haina shida, ni kitu kilekile. Lakini tuseme umesimama juu ya kilima, bonde liko futi 150 chini yako, umeirusha ikapanda 80 halafu ukaipeleka juu ya bonde upige picha ya mto. Skrini inakuambia 80, ukweli ni 230. Kibali chako cha 200 kimekwisha na wewe bado unatabasamu. Hakuna alamu itakayolia. Ukiwa kwenye milima rushia chini upande juu, au kata hesabu ya bonde kabisa kabla hujatoka.

Cha tatu, kibali hakifuti makatazo mengine. Kuna vizuizi vya muda vinavyotangazwa, rais akiwa anatembelea mji, moto wa msituni, na viwanja vikubwa vya michezo. Hivi vya michezo vinajirudia sana, uwanja wenye watu 30,000 au zaidi, mechi za ligi kubwa ya besiboli, NFL ya mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira huohuo wa vyuo vikuu vya daraja la kwanza, mbio kubwa za magari, maili 3 za baharini kuuzunguka, futi 3,000 kwenda juu, kuanzia saa moja kabla mpaka saa moja baada ya mchezo kwisha. Umeomba kibali wiki iliyopita, leo kizuizi kimetangazwa, kizuizi ndio kinashinda, kwa hiyo angalia tena dakika za mwisho. Washington DC yenyewe ni dunia nyingine, maili 15 kuzunguka pale ukiwa na droni ya starehe sahau, iache tu nyumbani. Na ardhi nayo ina wenyewe, mbuga za taifa za kule zimekataza kurusha na kutua tangu 2014, FAA wakikupa anga haimaanishi mlinzi wa mbuga amekupa mahali pa kusimama.

Kuna kitu kimebadilika na wengi hawajashtuka. Zamani droni za kampuni ya DJI zilikuwa zinakataa zenyewe kuwaka motor ukiwa karibu na uwanja mkubwa, mpaka uombe kufunguliwa, kwa hiyo watu wakajenga tabia kwamba ikikubali kupaa basi panaruhusiwa. Januari 2025 DJI waliondoa ule ukatazaji kwa Marekani, sasa inakuonya tu kwenye skrini halafu inakuachia. Ukibonyeza sawa bila kusoma ikapaa, imekula kwako. Na faini sio ya mchezo, sheria ya 2024 imepandisha mpaka dola 75,000 kwa kosa moja. Sijasema kila anayekosea anatozwa hiyo, nasema ndio dari lake.

Siku yenyewe nakuwa na skrinshoti tatu kwenye simu, kibali, TRUST na usajili, skrinshoti sio linki, kwa sababu sehemu nzuri za kurushia mtandao huwa unagoma na askari akija anataka kuona sasa hivi. Kama unaye mtu wa kukusaidia kuangalia anga mpe kazi hiyo, wewe ukizama kwenye skrini yeye asikilize. Ndege zenye watu zina haki ya kwanza siku zote. Helikopta hasa, za hospitali na za polisi zinapita chini sana na hazifuati njia ya kurukia, kibali hakijakuahidi kwamba hazitapita. Ukisikia ule mlio hata kama hujaiona, shusha, usisubiri kuiona inatokea wapi.

Simu uliyoandika kwenye ombi iache na sauti. Kibali kinaweza kufutwa ukiwa hewani, mambo yamebadilika uwanjani na ujumbe unaingia, na wewe umeweka simu kimya ili usisumbuliwe na ndiyo hiyohiyo iliyofungwa kwenye rimoti. Ukiona umefutiwa unashusha, hata kama betri iko asilimia 80 na jua ndio linazama vizuri.

Na saa. Kibali kikisema mpaka 12:30 jioni, droni iwe iko chini saa 12:30, sio ndio inaanza kurudi. Mimi naweka alamu dakika kumi kabla. Ukitaka kuendelea usijiongezee mwenyewe, ishushe, badilisha betri, fungua aplikesheni uombe kipya kinachoanza sasa, duara lilelile futi zilezile, kitakuja kabla hujamaliza kufunga betri.